Vibao vya kupimia alaimenti nyumbani: nilichogundua baada ya gari kuanza kula tairi upande wa ndani

Wakuu habari zenu. Naandika hii kwa ajili ya yeyote aliyefungua miguu ya mbele ya gari yake mwenyewe, akafunga vizuri, kelele zikaisha, afu baada ya muda akaona tairi linaliwa upande mmoja na hajui aanzie wapi. Mi yamenikuta hayo na nimehangaika nayo miezi, na kitu kilichonitoa ni hivi vibao vya kupimia alaimenti (yaani magurudumu yamekaaje) nyumbani, kwa hiyo nimeona niviandikie mapitio ya kweli, uzuri wake na ubovu wake, maana nilipokuwa natafuta maelezo kabla ya kununua nilikuta watu wanasema tu "viko poa" au "havina maana" bila kueleza wamevitumiaje.

Seti yenyewe ina vibao viwili vya alumini vinavyosimama kuegemea tairi, tepu mbili za kupimia, na kipimo kidogo cha dijitali chenye sumaku kwa ajili ya kemba (gurudumu limelala kiasi gani kwa juu, hasi ikiwa limelala ndani, chanya ikiwa nje), basi. Kuna na karatasi ya maelekezo ambayo haisaidii chochote, picha mbili tu na mishale. Nimevitumia miezi minane sasa. Jibu fupi kwa mwenye haraka ni kwamba vinafaa na ningenunua tena, ila siyo kwa sababu ile niliyonunulia. Nilinunua ili nirekebishe alaimenti, vikaja kunionyesha kwamba tatizo langu halikuwa alaimenti.

Nianze na kazi niliyoifanya maana bila hiyo hamtaelewa. Gari ilikuwa inagonga mbele kwenye kila shimo. Nikanunua shokapu mbili za mbele, amu za chini mbili (vyuma vinavyoshika gurudumu kwa chini) zikiwa na bushi zake za raba na boljointi zake, tairodi endi mbili (ncha za vyuma vinavyogeuza magurudumu toka kwenye usukani) na stabilaiza linki. Nikapandisha gari, nikaweka stendi (tafadhali sana usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, jeki inashuka bila kukuaga), nikafungua upande mmoja mpaka nikamaliza afu nikahamia wa pili. Kwenye tairodi endi nilifanya kile tunachofanya wote, nikahesabu mizunguko wakati natoa ya zamani, nikaingiza mpya kwa mizunguko ileile, nikaamini kwamba too (magurudumu yanavyoangaliana au kutazama nje kwa mbele) itarudi palepale. Kwenye shokapu sikuweka alama yoyote kwenye zile boliti mbili za chini. Na bushi za amu nilizikaza palepale gari ikiwa hewani, magurudumu yananing'inia, kwa sababu ndo nafasi ya kuingiza spana ilikuwepo. Shikeni hayo matatu.

Gari ikawa kimya kabisa, raha tupu. Baada ya kama kilomita 2,500 naosha gari, nkapitisha mkono kwenye tairi la mbele kushoto, nkakuta ukingo wa ndani umekuwa laini kama sakafu wakati nje kashata (ile michoro ya raba iliyonyanyuka kwenye tairi) bado zimejaa. Kuanzia siku hiyo nimekuwa mtu wa kupapasa matairi, na nawashauri na nyie muwe hivyo, mkono unaona vitu ambavyo jicho linapita tu. Pitisha kiganja kukatiza tairi, toka nje kwenda ndani, afu rudi toka ndani kwenda nje. Kama upande mmoja wa safari ni laini na ukirudi unahisi meno ya msumeno yanakukwaruza, hiyo ni too, tairi linaburuzwa pembeni huku linabiringika. Makali yakielekea ndani ya gari, yaani yanakukwaruza ukitoa mkono ndani kuja nje, magurudumu yanaangaliana sana kwa mbele, ndo too-ini. Makali yakielekea nje, yanakukwaruza ukiingia, basi magurudumu yanatazama nje, too-auti. Kemba yenyewe haitengenezi meno, inakula ukingo mmoja taratibu na kwa ulaini. Upepo mdogo unakula kingo zote mbili kwa pamoja, upepo mwingi unakula katikati. Na ukikuta mabonde mabonde, sehemu imeliwa sehemu haijaliwa kuzunguka tairi, hapo fikiria shokapu zilizochoka, balansi, au beringi ya habu (kitovu cha gurudumu) ina uwazi.

Mi la kulia lilikuwa na meno yanayoelekea nje, la kushoto lilikuwa na meno hayohayo PLUS ukingo wa ndani umeisha. Kwa hiyo too-auti kwa yote mawili, na la kushoto limeongezewa na kemba. Hiyo hesabu ningeweza kuifanya siku ileile na mkono mtupu lakini sikuwa najua kusoma bado.

Nikaenda kupiga alaimenti ya kompyuta. Sitaji ni wapi na haina haja. Kijana akafunga vile vioo kwenye rimu, akalegeza loknati, akazungusha tairodi, skrini ikawa kijani upande wa too, akanichapia karatasi. Kemba ya kushoto ilibaki nyekundu, nikauliza, akaniambia kwenye gari hii kemba haina sehemu ya kurekebishia. Kwa mujibu wa kitabu yuko sahihi. Lakini hakuna mtu aliyetikisa gurudumu hata moja kabla ya kupima, na hilo ndo linaloniuma mpaka leo kwa sababu nililipia huduma nikijua wameangalia kila kitu. Mashine inapima magurudumu yalivyokaa dakika ile gari imesimama pale juu, haijui yatakaa wapi ukikanyaga breki barabarani. Nikaondoka na karatasi yangu ya kijani, nikatembea kilomita nyingine 3,000, na tairi likaendelea kuliwa vilevile. Nilipopima na geji ya kina cha kashata la kushoto lilikuwa na milimita 2.1 ndani, 5.4 katikati na 5.6 nje. Vile vinundu vya alama ndani ya mifereji viko kwenye 1.6, kwa hiyo ukingo wa ndani ulikuwa unakaribia mwisho wakati tairi zima lina maisha.

Ndo nikanunua vibao.

Kwa ambaye hajawahi kuviona, matumizi ni hivi. Unanyoosha usukani, unaegemeza kibao kimoja kwenye kila tairi la mbele kwa upande wa nje, kila kibao kina mpasuo mbele na nyuma, unapitisha tepu moja chini ya gari mbele ya matairi na nyingine nyuma ya matairi, unasoma zote mbili, unatoa. Mbele ikiwa ndogo kuliko nyuma ni too-ini, mbele ikiwa kubwa ni too-auti. Hakuna siri. Na usidharau milimita. Kwenye tairi la kipenyo cha kama milimita 600, tofauti ya milimita 1 kwa gurudumu ni kama sehemu moja ya kumi ya digrii. Chukua too-auti ya milimita 4 kwa jumla, maana yake kila gurudumu limegeuka milimita 2, na 2 kwa 600 ni kwamba kila kilomita moja unayotembea tairi linaburuzwa pembeni kama mita 3.3. Kilomita elfu moja ni zaidi ya kilomita tatu za kuburuzwa kwenye lami. Nilipofanya hiyo hesabu ndo nikaelewa kwanini tairi linaisha haraka hivo wakati gari inaonekana imenyooka kabisa na usukani hausumbui.

Sasa ubovu wa hivi vibao, maana upo. Kwanza tepu mbili nilizopewa hazikuwa sawa, ile ndoano ya kichwani ya moja ilikuwa imelegea na inatofautiana na mwenzake milimita moja nzima. Milimita moja kwenye kazi hii ni kubwa. Dawa ni kuziweka pamoja pembeni ya kitu kimoja upime, ujue tofauti, au upime mara mbili huku umezibadilishana mbele na nyuma uchukue wastani. Mi nilinunua nyingine mbili zinazofanana. Pili, lile pengo lililokatwa chini ya kibao kwa ajili ya tumbo la tairi ni dogo. Tairi likiwa chini linavimba kidogo pale linapogusa ardhi, na kibao kikikaa juu ya huo uvimbe kinaegemea vibaya na kusoma uongo. Nimeishia kuvinyanyua juu ya vipande viwili vya mbao vya unene mmoja, kibao kikawa kinagusa tairi sehemu ya kati tu. Angalieni na maandishi yaliyonyanyuka ubavuni mwa tairi, kibao kikikalia herufi upande mmoja umeshakosea. Halafu vibao ni vyembamba, usiviache vidondoke, changu kimoja kimepinda kidogo kwenye kona na nimekinyoosha kwa kukibana kwenye vaisi.

Kipimo cha kemba ni kizuri kuliko nilivyotegemea, kinasoma sehemu za kumi za digrii na nikikirudisha palepale kinanipa namba ileile. Shida, sumaku haishiki rimu ya alumini, na watu wengi ndo rimu walizonazo. Lazima utafute chuma cha kukigandisha, mi natumia kipande cha chuma kilichonyooka kabisa kinachogusa ukingo wa rimu juu na chini, afu kipimo nakigandisha hapo. Namba utakayopata inategemea sakafu, na hapa wengi wanakosea. Siku ya kwanza nilisoma kushoto hasi 2.1 na kulia hasi 0.3, nikashtuka. Nikageuza gari, nikaiweka palepale ila ikitazama upande wa pili, ikasoma kushoto hasi 1.5 na kulia hasi 0.9. Sakafu ilikuwa imelala digrii 0.3, sikuwahi kujua. Wastani ukawa hasi 1.8 kushoto na hasi 0.6 kulia. Kwa gari yangu inatakiwa iwe karibu na hasi 0.5, kwa hiyo kulia pako vizuri, na kushoto gurudumu limelala ndani kwa juu zaidi ya digrii nzima. Ukiwa na pima maji ndefu au mpira mwembamba wenye maji unaweza kusawazisha sakafu kwanza, lakini kugeuza gari ni rahisi na hakudanganyi.

Na kabla ya kipimo chochote, gari ikishatoka kwenye jeki usipime hapohapo. Magurudumu yanakuwa yamebana kwa ndani, hayajakaa kwenye sehemu yake. Lisukume mbele na nyuma mita kadhaa, bonyeza boneti mara tatu nne mbele pakae. Ukiwa unarekebisha, weka chini ya kila tairi karatasi mbili za plastiki ngumu zenye grisi katikati ili gurudumu liteleze kirahisi unapogeuza tairodi, la sivyo raba inashika ardhi na namba haisogei, afu ukitembea mita kumi inaruka ghafla.

Sasa nakuja kwenye sehemu iliyonifanya niandike. Nilipima too, nikapata too-ini ya milimita 1. Nikasema mbona karatasi ya kompyuta ilikuwa sahihi basi. Nikasukuma gari nyuma kidogo ili nipishe, nikakanyaga breki ikasimama, nikarudisha mbele taratibu nikakanyaga breki, nikapima tena kwa kuhakikisha tu. Too-auti milimita 4. Nikadhani nimekosea kusoma. Nikarudia. Gari ikisimamishwa na breki ikitoka nyuma kwenda mbele inasoma too-auti 4, ikisimamishwa ikiwa inarudi nyuma inasoma too-ini 1. Mara nne nimefanya, mara nne hivohivo, na tepu nilishazihakiki. Milimita tano zinatembea zenyewe bila mtu kugusa tairodi!

Nilikaa chini nikatafakari. Ukikanyaga breki ukienda mbele, ardhi inasukuma gurudumu kurudi nyuma. Kinachozuia gurudumu lisirudi ni amu ya chini na bushi zake. Bushi ikiwa hai gurudumu linasogea kidogo sana na kurudi, bushi ikichanika linarudi nyuma na kubaki huko, na kwenye gari yangu likirudi nyuma linageuka kutazama nje. Maana yake kila nikipunguza mwendo gari inajipa too-auti, na hakuna alaimenti duniani inayorekebisha hiyo. Nikapandisha gari, nikachukua mtaimbo nikaingiza kati ya amu na krosimemba (chuma kikubwa cha chini kinachobeba amu) nikasukuma, bushi ya nyuma ya amu ya kushoto ikafunguka kama mdomo. Raba imechanika nusu mzunguko. Bushi ya kilomita 5,500!

Hapo ndo lile la tatu nililowaambia mshike. Bushi hizi raba yake imegandishwa kwenye bomba la ndani na la nje, haizunguki, inajikunja tu. Ukikaza boliti gurudumu linaning'inia, umeigandisha raba kwenye mkao wa kuning'inia. Ukishusha gari chini amu inapanda na raba inajinyonga, na inabaki imenyongwa muda wote gari iko chini, na kila shimo linaongezea. Haiwezi kudumu. Boliti za bushi unaziweka kwa mkono tu kwanza, unashusha gari kwenye uzito wake, au unanyanyua amu kwa jeki mpaka ifike urefu wake wa kawaida, ndo unakaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha gari yako. Nawaomba sana mnaofanya hizi kazi nyumbani, hili ndo la kushika kuliko yote niliyoandika hapa.

Nilibadilisha amu ya kushoto, na ya kulia nikalegeza boliti zake na kukaza upya gari ikiwa chini, bushi yake ilikuwa bado nzima nashukuru. Wakati nipo huko nikatikisa kila kitu. Gurudumu liko hewani, unashika kushoto na kulia unatikisa, ikicheza angalia tairodi endi na ile tairodi ya ndani kwenye raki ya usukani, mwambie mtu atikise wewe ukiwa umeshika kiungo kwa vidole maana uwazi mdogo unauhisi kabla hujauona. Unashika juu na chini, ikicheza ni beringi ya habu au boljointi. Kwa gari za shokapu zilizobeba springi kama yangu, nyanyua kwenye chesisi gurudumu lining'inie ndo boljointi ya chini itaonyesha uwazi wake. Kwa zile ambazo springi imekalia amu ya chini, jeki inakaa chini ya amu yenyewe, vinginevyo springi inaibana boljointi na kuficha ugonjwa.

Kemba ya kushoto nayo ikapatikana. Zile boliti mbili zinazofunga shokapu na kile chuma kinachobeba habu, matundu yake ni makubwa kidogo kuliko boliti, na huo uwazi mdogo unaweza kukupa sehemu kubwa ya digrii kutegemea na gari. Upande wa kushoto nilikaza gurudumu likiwa limeegemea ndani kwa juu. Nikalegeza, nikavuta juu ya gurudumu kuja nje mpaka mwisho wa uwazi, nikakaza nikiwa nimelishikilia. Nikapata hasi 0.7. Kwa nilivyotoka hasi 1.8 sikutegemea kupata yote hiyo, gari nyingine hazitoi kiasi hicho na utahitaji boliti maalum zenye kemu (uvimbe wa upande mmoja unaosukuma gurudumu ukiizungusha boliti). Ila kama ungekuta kushoto imezidi hasi na kulia imezidi chanya kwa kiasi kilekile, usihangaike na shokapu, uliza kama krosimemba ililegezwa ikafungwa imesogea upande mmoja.

Kemba kwanza, too mwisho, kwa sababu ukigusa kemba too inahama nayo. Na kweli ilihama, nikakuta too-auti milimita 6. Kwenye tairodi kuweni na mkono mwepesi, mzunguko mmoja mzima kwa gari nyingi unahamisha milimita 6 au 7 hivi kwenye gurudumu hilo, kwa hiyo tunaongelea robo robo. Zungusha kushoto na kulia kiasi sawa ili usukani usihame. Kama usukani umekaa upande lakini too ni sahihi, rudisha upande mmoja na ongeza mwingine kwa kiasi kilekile. Legeza kibanio cha ile buti ya raba ya raki kabla hujazungusha isije ikajinyonga ikapasuka, na ukimaliza kaza loknati afu upime TENA, maana kukaza kwenyewe kunaweza kusogeza. Kuhusu ile kuhesabu mizunguko, nilizipanga tairodi endi ya zamani na mpya pembeni mwa nyingine nikakuta mpya ni fupi milimita 3 hivi. Mizunguko niliihesabu sawasawa ila kipuri hakikuwa na urefu uleule. Kuhesabu kunakufikisha kwenye kipimo tu, hakuchukui nafasi ya kupima.

Nikafanya tena ule mtihani wa breki, mbele na nyuma, mara nne. Tofauti haikufika milimita moja. Sikumbuki lini nimefurahia namba hivo.

Kwa hiyo vibao navipa nne kwa tano. Moja naikata kwa tepu zisizofanana na lile pengo dogo. Faida yake kubwa kwangu siyo usahihi, mashine ya kompyuta ni sahihi zaidi na inakuonyesha na ekseli ya nyuma kama imekaa mraba, jambo ambalo vibao haviwezi. Faida ni kwamba unapima mara ishirini kwa siku, leo, kesho, baada ya shimo baya, baada ya kukanyaga breki, bila kulipa mtu, na namba isiyotulia inakupeleka moja kwa moja kwenye kilicholegea. Ukipima mara moja hutaiona hiyo. Kama gari yako ina kamera ya kioo cha mbele au mfumo wa kuzuia kuteleza, nenda kamalizie kwenye mashine kwa sababu baadhi zinahitaji sensa ya usukani iwekwe upya kwenye sifuri, hilo nyumbani huliwezi bila kifaa chake. Lakini nenda ukiwa umeshatikisa kila kiungo, na mwambie fundi umetikisa.

Ambaye hana sehemu bapa ya kupaki au hana uvumilivu wa kupima na kurudia asinunue. Na ambaye gari yake inavuta upande tu bila kula tairi ajaribu kwanza kubadilishana matairi ya mbele kushoto na kulia, kama hayana mshale wa upande mmoja, kuvuta kukihamia upande wa pili tatizo ni tairi lenyewe na vibao havitamsaidia kitu. Kama ni upepo unaoushuku, chora mstari wa chaki kukatiza tairi, tembea mita mia moja barabara iliyonyooka, uone chaki inafutika wapi kwanza.

Matairi mawili ya mbele nilinunua mapya, yale ya zamani hayakuwa ya kuokoa. Nayapima kila kilomita 1,000, sehemu tatu kila tairi, naandika kwenye daftari ndogo ndani ya gari. Juzi nimefikisha kilomita 7,000 tangu niyafunge. Yalianza na milimita 8. Kushoto sasa ndani 6.7, katikati 6.8, nje 6.7. Kulia ndani 6.8, katikati 6.8, nje 6.7, na nikipitisha mkono huku na huku ni laini pande zote mbili.